Pantaleo na Anwani Inayohama

Mwaka 1999 Pantaleo Athanas alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na kwa miaka miwili mfululizo hakuwa amelala nje ya mji wa Shinyanga hata siku moja. Hakuna aliyemkataza. Alijikataza mwenyewe.

Tulifanya kazi pamoja katika maabara ya kupima sampuli za dhahabu, jirani na reli. Mimi nilikuwa karani wa kupokea sampuli, yeye mwangalizi wa kompyuta. Malori yalileta mifuko ya mawe kutoka kambi za utafiti za upande wa Geita na Kahama. Mawe yalisagwa, yakayeyushwa, yakapimwa, na majibu yakaingizwa kwenye seva, kompyuta kuu ya kuyahifadhi. Kambi zilipiga simu ya setilaiti zikayasoma majibu hayo moja kwa moja, kwa sababu kule porini mashine ya kuchoronga miamba ilikuwa inasubiri: tundu likiwa na dhahabu, waendelee kwenda chini, likiwa halina, wahame. Seva ikinyamaza, watu thelathini huko kwenye miiba walikaa chini wakacheza karata, na meneja wetu, Bwana Marcel, akaanza kupokea simu ambazo hazikuanza na salamu.

Seva zilikuwa mbili. Pantaleo alikuwa karani wa stesheni kwa miaka ishirini na mitatu kabla ya kuja kwetu, kwa hiyo alizipa majina ya stesheni, Isaka na Seke, moja kila upande wa Shinyanga. Mama Limi, msafishaji wetu, alishauri ziitwe Kulwa na Doto kwa kuwa zilifanana. Pantaleo alikataa. Alisema moja ilifika Machi na nyingine Juni, na mapacha hawapishani miezi mitatu. Ndivyo alivyokuwa.

Isaka ndiyo iliyofanya kazi. Seke ilikaa imewaka, imebeba nakala ya kila jibu, ikisubiri Isaka ife. Ubaya ulikuwa kwenye anwani. Kila kompyuta ya maabara na kila kambi ilijua anwani moja tu ya namba, ile iliyoishia na tano, na sisi tuliita hivyo hivyo, Tano. Isaka ikifa, Tano ilikufa nayo. Seke yenye majibu yote ilikuwa palepale mezani, ila hakuna aliyejua mlango wake. Ilibidi mtu aje, akae mbele yake, aandike amri ya kuipa ile Tano. Kazi ya dakika tatu. Mtu huyo alikuwa Pantaleo, na wengine wote hatukuruhusiwa kugusa, kwa sababu yeye mwenyewe hakuturuhusu.

Basi Isaka ilipokufa, na ilipenda kufa, dereva wetu Jilala aliwasha Landrova akaenda Ngokolo kumchukua. Watoto wa mtaa ule walilijua lile gari kuliko gari la maji. Mke wake, Mariana, ambaye sote tulimwita Mama Nyamizi, alikuwa akilisikia tangu kona ya mwisho.

"Baba Nyamizi," husema, "vaa viatu. Mke mwenzangu amekutumia gari."

"Mama Nyamizi, ni dakika tatu tu."

"Za kwake tatu. Za kwangu ni hizo za kwenda na kurudi na kumweleza Jilala habari za reli."

Binti yao mkubwa, Nyamizi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mhunze, na mwaka huo alipata mchumba, mwalimu mwenzake. Wazee wa mchumba walipokuja kujitambulisha, Pantaleo alikuwa amekwisha kuvaa koti. Landrova ikaja. Mdogo wake, Stanslaus, fundi baiskeli mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akakaa kwenye kiti chake akawapokea wageni. Siku ya mahari, Landrova ikaja tena. Stanslaus akakaa tena. Siku ya pete, kadhalika. Nyumbani kwetu baba mdogo ni baba, kwa hiyo wageni hawakuona pengo lolote. Walisema tu kwamba baba wa binti ni mchangamfu sana, jambo ambalo halikuwahi kusemwa juu ya Pantaleo.

Mwezi wa tisa Nyamizi alikuja maabara mwenyewe. Alinisalimia, akamsalimia Mama Limi, halafu akaenda kwenye meza ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo? Mbona hukusema unakuja?"

"Nimeleta kadi." Akaweka bahasha mezani. Juu yake iliandikwa kwa hati nzuri ya kiualimu: Bwana Pantaleo Athanas na Familia.

Pantaleo aliigeuza mara mbili. "Mwanangu, mimi ndiye baba wa bibi harusi. Baba hapewi kadi."

"Kadi tunawapa wageni, baba. Wenyeji tunawajua, tumewaona siku zote tatu." Alikuwa anacheka, lakini si sana. "Ni Jumamosi tarehe sita Novemba, Mhunze. Baba mdogo namheshimu, ameniokoa. Ila siku ile nataka mkono utakaonikabidhi uwe wako. Ukikosa, usije kuniomba msamaha Jumatatu, maana sitakuwa na la kusema."

Alipoondoka, Pantaleo aliitia kadi katika mfuko wa shati, nyuma ya kalamu, na tangu siku hiyo ilikaa hapo hadi kingo zikawa laini kama kitambaa.

Vifaa vyetu tulinunua kwa Mansukhlal, duka la redio na kompyuta mjini. Mansukhlal mwenyewe alikuwa amesafiri, na aliyekuwa dukani ni mwanawe Sanket, mtu wa miaka thelathini hivi, mtani wa Pantaleo. Nilikuwepo siku Pantaleo alipomweleza shida yake. Alieleza tangu mwanzo kabisa, pamoja na aina ya koti alilokuwa amevaa siku ya kwanza.

"Mzee Pantaleo," Sanket alisema, "wewe umekuwa spea ya mashine. Seva mbili, na ya tatu ni wewe."

Mara akaingia mteja, mkulima mwenye redio kwapani. "Mansukhlal yupo?"

"Yupo, karibu," Sanket akajibu, akaipokea redio, akaifungua, akaweka betri sawa, akairudisha. Mteja akashukuru, "Wabeja, Mansukhlal," akaenda zake.

"Umeona?" Sanket akasema. "Baba yuko India mwezi wa tatu huu. Anayekaa kwenye kiti hiki ndiye Mansukhlal. Nikienda kula, mke wangu Ruchi anakaa, naye ni Mansukhlal. Mteja hana habari na sura zetu, ana habari na jina. Anwani yako ya Tano iwe hivyo. Isiwe mali ya Isaka. Iwe ya kiti."

"Na nani atamwambia Seke kwamba kiti kiko wazi, mimi nikiwa Mhunze?"

Sanket akavuta droo akatoa diski. Ilikuwa programu mpya, ya bure, iliyoandikwa na watu waliosaidiana kwa barua pepe kutoka nchi mbalimbali. Unaunganisha seva mbili kwa waya, moja inamwambia mwenzake kila sekunde mbili, nipo, nipo, nipo. Zikipita sekunde kumi bila neno, yule mwingine anajua mwenzake kafa. Anaichukua anwani, halafu anatangaza kwenye mtandao mzima kwamba Tano sasa iko kwangu, ili kompyuta zisiendelee kubisha kwenye mlango wa marehemu.

Pantaleo aliigeuza diski ile mkononi. "Na Isaka ikifufuka?"

"Hilo unachagua wewe. Mimi nakushauri isirudishiwe. Baba akirudi kutoka safari, akinikuta na mteja, anakaa pembeni anakunywa chai. Akininyanyua katikati ya maneno, mteja anapotea."

"Dharau hiyo," Pantaleo akasema. "Mwenye kiti akirudi, kiti ni chake. Andika hivyo."

"Haya. Lakini siku moja utakunywa chai pembeni, mzee wangu, na utaiona tamu."

Pantaleo aliiweka programu ile kwa wiki mbili, akiandika kila hatua. Tulizima Isaka, Seke ikachukua Tano. Tukawasha Isaka, ikanyang'anya Tano yake, na kompyuta zote zikaganda kidogo kama watu walionyang'anywa sahani. Pantaleo hakujali. Aliona haki imetendeka.

Wiki ya tatu, Mama Limi alifagia nyuma ya meza, ufagio ukanasa ule waya wa nipo-nipo, ukachomoka. Isaka ilikuwa hai, Seke ilikuwa hai, ila hazikusikiana tena. Seke ikahesabu sekunde kumi, ikaamua mwenzake kafa, ikachukua Tano. Isaka nayo haikuwa imeiachia. Zikawa mbili zinaitika jina moja. Nusu ya kompyuta zetu ziliandika majibu Isaka, nusu Seke, na sampuli za tundu moja zikagawanyika kama mali ya mirathi. Ilituchukua siku mbili mimi na yeye kuyapatanisha kwa mkono.

Nilidhani atamgombeza Mama Limi. Badala yake Pantaleo aliuchukua ule waya akauzungusha kidoleni.

"Treni mbili," aliniambia. "Treni mbili kwenye njia moja. Miaka ishirini na mitatu sikuwahi kufanya kosa hili, leo nimelifanya kwa ufagio."

Akanieleza. Kwenye njia moja ya reli, dereva haondoki stesheni kwa kuwa haoni treni mbele. Anaondoka akiwa na kibali mkononi, na kibali hakitolewi mpaka stesheni ya pili ithibitishe kwamba njia ni nyeupe. Ukimya haukuwahi kuwa kibali. Ukimya unaweza kuwa simu imekatika.

Kwa hiyo alirudi kwa Sanket akanunua swichi inayoendeshwa na kompyuta, akaiunga kwenye waya wa umeme wa Isaka. Kuanzia hapo Seke, ikisikia kimya, haikuruhusiwa kuigusa Tano mpaka kwanza iikatie Isaka umeme. Iwe imekufa au imezimia, ikatwe, ndipo njia iwe nyeupe.

"Unamuua mwenzako ili uwe na uhakika amekufa," Mama Limi akamwambia Pantaleo. "Ngosha, hiyo ni dini gani?"

"Ya reli," Pantaleo akajibu.

Bwana Marcel hakuamini mpaka alipochomoa waya wa umeme wa Isaka kwa mkono wake mwenyewe, Alhamisi kabla ya harusi, wakati mimi nikisoma majibu kwenye kompyuta yangu. Tulihesabu kwa sauti, Mama Limi akihesabu kwa Kisukuma. Tulipofika kumi na tatu majibu yakaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Bwana Marcel akarudisha waya, akapangusa mikono huku Pantaleo akiiwasha Isaka.

"Nenda Mhunze," akasema. "Ila Jilala atajua ulipo."

Jumamosi ile tulikaa wageni wa kazini meza moja, karibu na mlango. Misa ilikuwa imekwisha salama, Pantaleo akiwa benchi la pili, amenyooka kama nguzo ya simu. Ukumbini mambo yalianza kwenda vingine. Meza ya juu upande wa bibi harusi ilikuwa na viti viwili vya wazazi. Kimoja alikaa Mama Nyamizi. Kwenye cha pili alikuwa amekaa Stanslaus, ameshika fimbo ya mpingo yenye kichwa cha shaba. Wakwe walikuwa wamempa baba wa binti fimbo hiyo siku ile ya mahari, na aliyekuwepo kuipokea alikuwa yeye. Vijana wa mapokezi walimwona mwenye fimbo wakampeleka mbele, na Stanslaus, aliyekwisha kuzoea, alikwenda bila kufikiri. Pantaleo aliongezewa kiti cha plastiki kwenye kona ya meza.

Tukala. Saa nane na nusu hivi, tukiwa bado na nyama mkononi, tulisikia mlio tunaoujua. Landrova ya maabara ilisimama mlangoni.

Nilimwona Mama Nyamizi akinyoosha mkono nyuma ya kiti cha shemeji yake na kushika mkono wa koti la mumewe. Bibi harusi naye alikuwa ameona. Aliweka kijiko chini. Jilala alishuka, akajipangusa vumbi, akapita katikati ya ukumbi wote hadi meza ya juu, akainama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Pantaleo akasema kwa shida. "Ni Isaka?"

"Isaka gani? Nimetumwa na tumbo. Nimesikia kuna pilau."

Mama Nyamizi aliachia koti, na nasikia ndiye aliyeagiza sahani ya Jilala ijazwe mara mbili.

Ndipo mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Sasa namwomba baba mzazi wa bibi harusi asimame, atukabidhi mtoto wetu!"

Walisimama wawili.

Stanslaus alisimama kwa mazoea, kwa sababu mara zote tatu baba wa binti alipoitwa, yeye ndiye aliyesimama. Pantaleo alisimama kwa haki yake, kadi ikiwa mfukoni. Baba wa bwana harusi, mzee mwenye kofia, alimwinamia mwenzake, na kwa kuwa alikuwa haisikii vizuri sauti yake mwenyewe, wote tulimsikia.

"Yule mwembamba ni nani?"

"Nafikiri ni mpiga picha."

"Bibi harusi ana baba wangapi?" mshereheshaji akauliza.

"Kwetu ni wengi!" akajibu mtu wa nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Pantaleo hakucheka. Alimtazama mdogo wake, akaitazama fimbo, akawatazama wakwe ambao walikuwa wamejiandaa kusikiliza mtu wanayemjua. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu aliyeandika kwamba mwenye kiti akirudi kiti ni chake. Alikaa chini.

Nilimwangalia Nyamizi. Uso wake ulishuka pamoja na baba yake. Alijua yupo, anamwona, na bado ilikuwa kama siku zile tatu.

Stanslaus alibaki amesimama peke yake. Aligundua, nadhani, wakati huo huo sisi tulipogundua. Akakohoa.

"Wakwe zangu," akasema kwa ile sauti yake, "mimi ni Stanslaus, fundi baiskeli. Mmeniita baba, nami nimeitika kwa sababu ni baba. Lakini huyu mnayesema ni mpiga picha ndiye aliyemzaa. Alikuwa kazini, mimi nilikuwa nashikilia. Sasa yupo."

Akazunguka nyuma ya kiti chake, akaenda kwenye kona, akamnyooshea kaka yake fimbo. Pantaleo akainuka, ila hakuipokea.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Huna neno lililobaki na wakwe?"

"Sina."

"Njia ni nyeupe?"

"Kaka, ni nyeupe, chukua bwana, mkono unaniuma!"

Ndipo akaipokea, kwa mikono miwili, na Stanslaus hakuiachia mpaka alipoona imeshikwa. Watu walipiga vigelegele bila kujua wanashangilia mtindo wa reli. Pantaleo alikuwa na hotuba ya kurasa tatu kwenye daftari. Hakulitoa. Alimfuata binti yake, akamshika mkono, akampeleka mbele ya mzee mwenye kofia.

"Nimechelewa mara tatu," akasema. "Mtoto wangu huyu. Mtunzeni."

Nyamizi alisema kitu sikioni mwa baba yake, na yeye akaitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu alifika kazini saa moja kasoro, kama kawaida. Saa moja na robo aliniita. Isaka ilikuwa imezimwa. Kwenye kumbukumbu za Seke iliandikwa kwamba Jumamosi, saa nane na dakika arobaini mchana, Isaka ilinyamaza. Sekunde kumi baadaye Seke ikaikatia umeme, ikachukua Tano, ikatangaza. Jilala alikuwa kwenye sahani yake ya kwanza.

"Jumamosi?" Bwana Marcel akasema alipoelezwa. "Mbona saa hizo nilikuwa nasoma majibu ya Geita? Sikuona kitu."

"Kwa hiyo hata usipokuja kazini hatujui?" Mama Limi akauliza, ameegemea ufagio wake.

Pantaleo alijaribu kuonyesha kwamba amefurahi, na kwa kweli alikuwa amefurahi, ila ilimchukua muda kidogo. Aliifungua Isaka. Feni yake ilikuwa imekwama, imejaa vumbi la mawe yetu. Aliisafisha kwa brashi, akaipaka mafuta, akaigeuza kwa kidole mpaka ikazunguka. Kabla ya kuiwasha alikaa mbele ya kila seva, akatafuta mstari mmoja aliouandika mwenyewe, akaubadilisha. Akaiwasha Isaka. Iliamka, ikamsikia mwenzake akisema nipo, nipo, nipo. Ikatulia. Tano ilibaki Seke.

"Inywe chai," akasema.

Alasiri hiyo alijaza fomu ya likizo ya siku kumi, ya kwanza tangu aajiriwe, ili yeye na Mama Nyamizi wakawatembelee maharusi. Niliiona fomu ilipopita mezani kwangu kwenda kwa Bwana Marcel. Mahali pa kuandika jina la atakayekaimu nafasi yake, aliandika kwa hati ndogo iliyonyooka: Seke. Bwana Marcel alitia sahihi, kisha akamwita ofisini kumuuliza kama huyo Seke naye atahitaji kufuatwa na gari.